Maziwa Niliyoyaandikia Tarehe

Mwezi uliopita nilikuwa nimeketi katika saluni moja hapa Makiso. Binti wa saluni akamimina disolvan kwenye pamba ili anifute rangi ya kucha, na kabla pamba haijanigusa nilikuwa nimeshakimbilia mlangoni kutapika. Akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Alinitazama kama anavyotazamwa mteja anayetafuta njia ya kuondoka bila kulipa.

Ninyi mnaonijua mnanijua kwa kazi yangu. Nachora wasichana wenye macho makubwa na nywele za buluu, kwa mtindo wa katuni za Kijapani, kisha nawatia katika michezo midogo ya simu na kompyuta ninayoitengeneza peke yangu, chumbani kwangu, hapa hapa Kisangani. Vijana wakiniuliza nilijifunzia wapi, huwajibu kwamba ni kwenye televisheni. Si uongo mtupu. Lakini picha za michezo yangu hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, moja kando ya nyingine, na nukta hizo sikufundishwa na televisheni. Nilifundishwa na Tonton Saidi, mdogo wa baba yangu, katika depo, yaani ghala, ya duka lake, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Papa alikuwa fundi cherehani. Nyumba iliyofuata yetu ilikuwa ya Mama Bolumbu, mwanamke kutoka Isangi aliyekaanga mikate mbele ya mlango wake kila asubuhi, na mafuta yake yalitumika mpaka yakawa meusi kama mto. Binti yake Bijou alikuwa rafiki yangu. Mtoto wake wa mwisho, Dieudo, alikuwa na miaka minne na aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kama wa damu yake. Umeme ukija, tulitazama katuni za Kijapani zinazosema Kifaransa, kisha mimi nilizichora kwenye daftari na Bijou akatunga hadithi. Tulipiga mistari kwenye kipande cha katoni, tukatumia vifungo vya shati vya Papa kama wachezaji. Huo ndio mchezo wa kwanza niliowahi kutengeneza. Watu wazima waliona michoro yangu wakasema ni macho ya chura.

Tonton Saidi peke yake hakusema hivyo. Alikuwa mtu msafi, mwenye kunukia manukato, na kila mara alikuwa anamumunya peremende ya minti na kuigonganisha na meno. Vidole vyake vilikuwa na unyevu siku zote. Likizo kubwa moja alichukua daftari langu, akatazama nywele nilizozichora unywele kwa unywele, akamwambia Papa, "Mutoto huyu iko na mukono ya mashine."

Kesho yake nilikuwa deponi. Kulikuwa na makatoni ya maziwa ya unga, na chini ya kila mkebe kulikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa nukta nyeusi. Tonton alinieleza kwamba mashine ya kiwandani ilikosea, hivyo ni lazima tuisahihishe. Yeye alifuta tarehe ya zamani kwa pamba yenye disolvan, na mimi, kwa sindano iliyofungwa kwenye kipande cha penseli, nilichovya wino na kudonoa tarehe mpya. Mikebe ya kwanza niliiharibu. Siku ya tatu, Tonton mwenyewe hakuweza kutofautisha mkono wangu na ule wa kiwanda. Alinipa kalamu za rangi boksi zima na daftari la karatasi nene.

Niliipenda kazi ile, na sitawaficha. Disolvan ilinichoma pua na kuniumiza kichwa, katoni zilizolowa zilinuka mkojo wa panya, lakini nilikaa pale ulimi nje, nikidonoa. Siku moja mkebe ulianguka ukafunguka, na unga uliomwagika ulikuwa wa manjano, umegandamana kama nta ya sikioni. Tonton aliufunika kwa kiatu chake akanitabasamia. Tena nilimwona mke wake, Tantine Riziki, akija kuchukua maziwa ya nyumbani kwao. Aliyapita makatoni yetu bila kuyatazama, akachukua mkebe kutoka katoni nyingine iliyokuwa karibu na kaunta. Niliona, lakini sikuuliza.

Kisha ikaja siku ya mvua. Mikate haikuuzika, na mimi nilikuwa kwa Bijou. Mama Bolumbu alileta mkebe alioununua dukani kwa Tonton, akaufungua kwa kisu. Ilitoka harufu ya sabuni ya zamani na viatu vya jasho. Alichungulia ndani, akanusa, akauinua mkebe atazame chini yake, kisha akanipa.

"Zaina, weye uko na macho ya mutoto. Nisomee, inaisha lini?"

Nilizitambua nukta zangu. Nikasoma mwezi na mwaka kwa sauti, kama nasoma darasani.

"Bon," akasema, "donc iko muzuri. Ni baridi tu imeingia."

Akachekecha mabonge kwa kitambaa, akapika uji, akatugawia vikombe. Dieudo alibana pua akageuza uso. Mama yake alimbembeleza, hakukubali. Mimi nikainua kikombe changu nikanywa. Uji ule ulinishika ulimini kama mafuta yaliyoganda, ukashuka kooni kwa vipande, nami nikaumaliza wote. Bijou akanywa. Kisha Dieudo akanywa.

Mimi na Bijou tulitapika siku moja. Dieudo aliumwa siku nne. Walimbeba hadi kituo cha afya akiwa amefungwa mgongoni mwa mama yake, na kuhara kwake kulimtiririkia mama mpaka miguuni. Nilisimama kwenye uzio nikaisikia harufu. Ilikuwa ileile ya mkebe. Mtoto alipona, lakini likizo yote iliyobaki alitembea akishika ukuta.

Nilikwenda kwa Tonton nikamwomba atupe yale makatoni. Hakukasirika. Alinifuta shavu kwa kidole chake chenye unyevu, kinachonuka minti na disolvan.

"Nani aliandika?" akaniuliza polepole. "Ile mukono iko ya nani?"

Nilirudi nyumbani nikamweleza Papa yote. Aliweka mkasi chini, akatoka bila hata kuvaa viatu. Nilimngoja mlangoni, nikiamini anakwenda kulivunja duka. Alirudi na mikebe miwili, kutoka katoni ile ya karibu na kaunta. Mmoja aliuweka mezani kwetu. Wa pili alinituma niupeleke kwa Mama Bolumbu na kumwambia ni zawadi ya Tonton kwa ajili ya mgonjwa. Mama Bolumbu aliupokea kwa mikono miwili, akamwombea Tonton baraka, yeye na watoto wake.

Papa hakulitaja tena jambo lile. Kila sikukuu aliketi na mdogo wake wakala sinia moja, nami niliitazama mikono yao ndani ya wali. Deponi sikurudi, nilisingizia mkono unauma. Tonton aliendelea mwenyewe, akaandika tarehe vibaya, kwa kalamu nene, na mikebe ikauzika vilevile.

Miaka yote hii nilikuwa na faraja moja: na mimi nilikunywa. Nilijiambia kwamba sikuwaacha wanywe peke yao, kwamba nilijiadhibu, hata kwamba ulikuwa ushujaa wa aina fulani.

Baada ya siku ile ya saluni nilimpigia Bijou simu. Siku hizi anakaa Basoko, anauza samaki, ana watoto wawili wanaocheza michezo yangu na kuwaringia wenzao kwamba wananijua. Nilimweleza kila kitu. Nyuma yake nikasikia injini ya boti.

"Dieudo alikuwa anakataa," akasema. "Alikunywa sababu aliona weye unakunywa."

Akaniambia anaitwa bandarini, akakata. Mpaka leo hajapiga.

Ningeweza kuimwaga ile sufuria ya uji. Ningepigwa kofi, na yangekwisha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza kumwaga sufuria. Na liko jambo ambalo hata Bijou sikumwambia. Nilipoisoma ile tarehe mbele ya mama yake, kabla ya woga, kabla ya kichefuchefu, nilichokihisi kwanza kilikuwa furaha. Namba zilikuwa zimetoka safi, na mtu mzima alikuwa ameziamini.