Dakika Ngapi Baada ya Kuamka

Nakumbuka ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumatano moja ya mavuno, nyumbani kwetu katika kijiji cha Kwanza, nilipomsikia jirani yetu Mama Chebet akipiga kelele: "Baba Wafula! Stoo yako inatoa moshi, bana, toka!"

Mwanangu, sikuhitaji kuuliza moshi huo ulianzia wapi. Dakika kumi kabla ya hapo nilikuwa nimekaa ndani ya stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, nikivuta sigara. Nilimsikia mke wangu akija kuchukua magunzi ya kuwashia jiko, nikaichomeka sigara kwenye maganda makavu, nikatokea mlango wa nyuma nikijifanya nakagua ua.

Utashangaa mtu wa miaka arobaini na saba kujificha kwake mwenyewe. Nilianza kuvuta nikiwa na miaka kumi na tisa, nikipakia mahindi kwenye malori mjini Kitale. Mwenzangu alinipa sigara ya kwanza akisema inaondoa vumbi kooni, nami nikaamini. Miaka ishirini na minane baadaye, Jumapili moja kabla ya mavuno hayo, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba nimeacha. Nikaiponda pakiti mbele ya madhabahu. Watu waliimba, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akanishika mkono kwa muda mrefu.

Siku ya tatu nilikuwa nimerudia. Sasa ningemwambia nani? Mtu aliyeshuhudia hawezi kuomba msaada wa jambo ambalo kanisa zima linajua limekwisha. Kuahidi mbele ya watu si vibaya. Kosa langu lilikuwa kutangaza mwisho kabla sijaanza, kisha kuulinda uongo huo ndani ya stoo yenye maganda makavu.

Majirani walipanga mstari kutoka kisimani, ndoo kwa ndoo, na moto ukazimika. Magunia kumi na moja yaliteketea. Watu wakaanza kutafuta chanzo, na macho yakaenda kwenye majivu ambayo mke wangu alizoea kuyamwaga karibu na stoo.

"Si nilikuambia hayo majivu, Mama Wafula?" Mama Chebet akasema, bila ubaya wowote.

Mke wangu alilia, akaniomba msamaha. Nami nikamjibu, "Usijali." Mwanangu, neno hilo linaniuma hadi leo kuliko moto wenyewe.

Ijumaa sikuweza tena kumtazama usoni. Nikasafiri hadi Bungoma kwa dada yangu mkubwa, Nasimiyu, muuguzi aliyestaafu. Nilimkuta akichambua kunde. Nikamweleza yote, naye hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Wekesa, umesimama mbele ya kanisa zima, halafu mke mmoja amekushinda?"

"Dada, ataniona muongo."

"Na si wewe ni muongo? Utaenda umwambie. Lakini hiyo ni ya kesho. Sasa nijibu: ukiamka asubuhi, unakaa dakika ngapi kabla ya kuvuta?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wengine wote waliniuliza kwa nini sina msimamo.

"Navuta kabla sijavaa viatu," nikasema.

"Ndiyo hiyo. Mwili wako unadai nikotini kabla hujajua uko wapi. Ati wewe unataka kuunyamazisha kwa kuponda pakiti! Huo ni ugonjwa, na una dawa. Nawa mikono tukule, halafu twende hospitali."

Daktari alinipima presha, akaniuliza kuhusu moyo, kisha akaandika plasta za nikotini za kubandika mkononi kila asubuhi. Akaongeza chingamu ya nikotini kwa zile saa ambazo hamu hupanda ghafla. Hutafunwa polepole, kisha huwekwa kando ya shavu. Nilimuuliza kama huko si kubadilisha sumu kwa sumu. Akanieleza kwamba kinachoharibu mapafu na moyo zaidi ni moshi, na kwamba plasta hutoa nikotini kidogo kidogo, kipimo kikipunguzwa kadiri wiki zinavyokwenda. Akanipangia siku za kurudi tuzungumze. Mwisho akataka nitaje tarehe ya kuacha. Nilichagua siku ya kumi kutoka hapo.

Jumamosi nilimwambia mke wangu yote, pamoja na kwamba nimemtajia daktari tarehe ya kuacha. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi.

"Nimelia siku tatu, Baba Wafula. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akageuka, akaendelea kupika. Jumapili jioni akauliza, "Hiyo tarehe ni lini?"

Katika siku hizo kumi niliandika kila sigara kwenye daftari: saa, mahali, na niliyekuwa naye. Zilikuwa kumi na nane kwa siku. Nikagundua kwamba baadhi ziliitwa na mwili, lakini nyingi ziliitwa na mahali: chai ya saa nne chini ya upenu wa stoo, foleni ya kusaga unga, kusubiri mashine ya kupukuchua mahindi. Tarehe ilipofika, plasta ilishughulikia mwili. Mahali nilipashughulikia mimi. Chai niliihamishia jikoni, na unga nikaenda kusaga mapema kabla foleni haijajaa. Mke wangu naye hakuniuliza kamwe, "Umevuta?" Kila jioni aliuliza, "Leo ilikuwa ngumu saa ngapi?" Swali kama hilo halimlazimishi mtu kudanganya.

Siku ya ishirini na tatu tangu tarehe hiyo nilienda matanga huko Cheptais. Rafiki wa enzi za malori akanipa sigara, nikaivuta yote. Nikampigia dada simu, nikamwambia nimeharibu kila kitu.

"Umevuta ngapi?"

"Moja."

"Basi ni moja. Usiifanye pakiti. Toka hapo, nenda ukae na akina mama wanaopika. Kesho bandika plasta kama kawaida."

Nilimenya viazi mpaka jioni huku akina mama wakinicheka vile ninavyovipunguza kwa kukata maganda manene. Sigara ile ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Miezi mitatu baadaye nilisimama tena kanisani. Nikasema ushuhuda wa kwanza ulikuwa uongo, na kwamba stoo niliichoma mimi, si majivu ya mke wangu. Safari hii hakuna aliyeimba. Lakini baada ya ibada mzee mmoja wa kwaya alinivuta kando, akanong'ona, "Hiyo plasta inapatikana wapi?"

Kwa hiyo, mwanangu unayevuta na kuona aibu, usianze kwa kujilaumu. Hesabu dakika zako za asubuhi, uende nazo kwa daktari au muuguzi, umwambie ukweli. Omba dawa, na urudi kuzungumza naye hata ukiona umepona. Taja tarehe. Mchague mtu mmoja nyumbani ambaye hutamdanganya. Ukianguka, hesabu sigara moja na uendelee kutoka hapo. Mimi nilijaribu mara nyingi kabla ya hiyo iliyofaulu, na hakuna jaribio lililokuwa bure. Mungu akupe pumzi ndefu, akupe watu wa kukuuliza kwa upole, na akujalie kuzeeka ukipanda milima hii bila kusimama njiani.

Leo ni siku ya elfu mbili tangu Cheptais. Nikihesabu sigara kumi na nane kwa siku, shilingi kumi kila moja, kisha nikitoa gharama ya dawa na ya yale magunia kumi na moja, fedha ambazo hazikuungua ni shilingi laki tatu, elfu kumi na nne na mia sita.