Mshono wa Kalenda ya Namatala

Niliporudi Jinja katikati ya miaka ya tisini, mtaa mzima haukuwa na mtu mwingine mwenye diploma ya kuchora kwa kompyuta, na nilihakikisha kila mtu anajua. Ada nilijilipia mwenyewe kwa kuosha masufuria katika hoteli moja ya Nairobi. Hakuna mjomba wala kanisa lililonichangia hata kalamu. Diploma yenyewe niliitundika ukutani katika duka la uchapaji lililoniajiri, juu kidogo ya leseni ya biashara. Bosi wangu, mama mnene wa mwili na wa sauti, aliishusha. Alisema polisi hawaulizi diploma.

Duka lilikuwa na kompyuta moja tu, na wateja wengi walitaka itumike kupiga chapa mitihani ya shule, kazi ambayo kwa mtu wa kiwango changu ilikuwa matusi. Ndipo akaja mteja kutoka Mbale, sajini mstaafu aliyekuwa akishona buti jeshini na sasa ana karakana ya viatu katika mtaa wa Namatala. Alitaka kalenda ya ukutani inayoonekana kama kipande cha ngozi kilichoshonwa ukingoni. Mji ulikuwa umejaa viatu vya kubandikwa kwa gundi, na yeye alitaka watu wakumbuke kila asubuhi kwamba vyake vinashonwa.

"Bwana Diploma, hii yako," bosi akaniambia. "Wewe ndiye mwenye Kiswahili cha kuongea na askari hapa. Afande akikubali mchoro, kompyuta nakuachia. Akikataa, unaanza kupiga chapa mitihani, na mitihani haiishi."

Ngozi niliichora kwa siku mbili. Kahawia iliyoiva, chembechembe ndogo juu yake, mikunjo myembamba, mwanga ukitoka kushoto, ungeweza kuinusa. Mshono sikuhangaika nao. Nilichora uzi mmoja mfupi, nikaunakili mara mia na zaidi, nikaupanga kwa mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya Uganda. Nikavaa suti, nikaenda Mbale, na boda boda ya baiskeli ikanifikisha Namatala huku mwendeshaji akiuliza kama mkoba wangu una mawe.

Sajini alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi wa viatu. Aliipokea picha, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Nani alishona hii?"

"Mimi, afande. Kwa kompyuta."

"Hii ni ya cherehani." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ukoma. "Unataka Mbale yote iseme mimi nimenunua cherehani?"

Nilimweleza kwamba ni picha tu, na kwamba nina diploma.

"Diploma ya nini?"

"Ya kuchora, afande."

"Hata ya viatu ingekusaidia," akasema, na mafundi wake wawili wakacheka bila kuinua vichwa.

Uzi wa cherehani, alinieleza, hulala mmoja nyuma ya mwingine kama kuruti kwenye paredi. Kwa mkono, sindano mbili hupita katika tundu moja, kila moja ikitoka upande wake, na uzi hulala kimshazari. Kisha akanisukumia kigoda, akanibanisha vipande viwili vya ngozi katikati ya magoti kwa kibano cha mbao, akanipa msharasi wa kutobolea.

"Shona."

Nilishona nikiwa na suti. Nilijidunga mara nne, na kila mara sajini aliniambia nisichafue ngozi. Lakini mimi si mtu wa kukaa mahali bila kujifunza kitu. Niliona jinsi uzi unavyoivuta ngozi chini kwenye kila tundu, na jinsi ngozi inavyofura katikati, kati ya uzi na ukingo. Walimu wangu wa Nairobi hawakuwahi kunionyesha hayo, na niliwalipa.

Nilirudi Jinja na kile kipande, nikakiweka kando ya kioo cha kompyuta, dirisha likiwa kushoto. Sasa kila uzi niliuchora peke yake. Tundu jeusi kila mwisho, kivuli chembamba chini, mng'ao wa nta juu, na ngozi iliyozama pale uzi unapoingia. Kompyuta iligoma mara mbili. Bosi alipita, akasimama nyuma yangu.

"Unachora au unashona?"

"Vyote, bosi."

"Afande akikataa hii, Jumatatu una hesabu ya darasa la saba."

Safari ya pili sikuvaa suti. Sajini aliitoa picha nje juani, akaigeuza mpaka mwanga wa picha ukaelekea upande mmoja na jua, akapitisha ukucha. Alifika kwenye pembe ya chini, akasimama. Akarudi nyuma nyuzi tatu.

"Hapa mkono ulichoka," akasema. "Huu ni mshono wako wa siku ile."

Sikuweza kukana. Nilikuwa nimenakili kila kitu kwa uaminifu, hata upumbavu wangu.

"Ni mbaya," akaendelea. "Lakini ni wa mkono." Alichukua penseli ya kuchorea soli, akaishika juu ya karatasi bila kuandika. "Nitasaini. Ila chini uandike kwamba viatu ni vyangu, na mshono wa picha ni wa fundi wa kompyuta wa Jinja. Sitaki watu wafikiri ni mimi nilishona hivi."

Nilijifanya nafikiri kidogo, kisha nikakubali, naye akasaini.

Kalenda zilitundikwa kuanzia Namatala hadi kwenye sebule za mtaa wa Nkoma, na kila moja ilikuwa na maneno hayo chini. Bosi aliyasoma, akauliza mchoraji gani duniani hujitaja kwenye kalenda ya mteja.

Nilimwambia Nairobi ndivyo wafanyavyo wakubwa. Akaenda kutafuta mtu mwingine wa kupiga chapa mitihani.