Waya Uliopita Kila Mlango

Mimi ni mtu wa kujisifia kwetu, na sioni haya. Nikisikia watu wanabishana kwa nini intaneti ya nyumbani ni ghali kijijini na nafuu mjini, natamani niwaonyeshe waya wetu wa simu wa Kigombe, jinsi ulivyopindapinda. Wangeelewa bila mhadhara.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Viwanda vya Tanga vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, na mimi niliyekuwa kibarua katika kimojawapo nilirudi kwa mama na mtoto mchanga mgongoni. Nikajiunga na chuo cha masomo ya mbali, nisomee ualimu. Nilipoanza kuyazoea, chuo kikabadili utaratibu: kuanzia muhula uliofuata, masomo na majaribio yote yangepitia baruapepe. Kwenda mjini kila mara na mtoto nisingeweza. Kompyuta ya mtumba nilipewa na mjomba, umeme ulikuwepo, kilichokosekana ni laini ya simu. Bila laini, chuo ndiyo basi tena.

Fundi wa simu alikuja, akasimama kwenye nguzo ya mwisho kando ya barabara ya Pangani, akatazama nyumba yetu ilivyo kule chini karibu na pwani, akatikisa kichwa.

"Mjini nguzo moja wanagawana mtaa mzima," akamweleza mama. "Hapa nguzo zote, kuanzia hii mpaka mlangoni kwako, ni zako peke yako. Ndiyo maana bei yenu haifanani na ya wenzenu wa Tanga."

Mama yangu alikuwa mkulima wa mwani, mwanamke mfupi asiyependa kuambiwa haiwezekani. "Na nguzo tukisimamisha wenyewe?"

Fundi akakubali, mradi ziwe ndefu na zipakwe oili chafu zisiliwe na mchwa. Akavuta kamba, akapigilia vijiti moja kwa moja kutoka barabarani mpaka kwetu, kupitia nyuma ya nyumba za watu, akaahidi kurudi na waya.

Mama akaitisha msaragambo. Kwetu kazi ikimzidi mtu, watu huja na majembe yao, naye mwenye kazi huwapikia. Alisonga bada, ugali wetu wa muhogo, akapika na mchuzi wa papa, watu wakaja wengi kuliko sufuria. Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, akaegemea jembe lake.

"Mwanangu, waya huu wapita nyuma ya nyumba yangu kama mwizi? Na mimi ndiye nauchimbia?"

Wengine wakaguna kumuunga mkono. Kwetu mtu hapiti nyuma ya nyumba ya mwenzake. Hupita mbele, akatoa salamu, akaitikiwa. Mama hakubishana hata kidogo. Aliinama, akang'oa vijiti vyote. Hadi alasiri nguzo za miti ya mvinje zilikuwa zimesimama, kila moja mbele ya mlango wa mtu, mstari umekwenda kulia ukarudi kushoto, kama mtu anayezunguka kutoa mkono wa Idi.

Fundi aliporudi alishika kiuno. "Shikamoo, bi mkubwa. Hiki nini tena?"

"Marahaba. Nguzo."

"Waya niliokuja nao hautoshi. Na ukizunguka hivi, intaneti yenyewe itachechemea." Akafunga ngazi yake kwenye gari, akaondoka bila kusema atarudi lini.

Muhula ulikuwa unakaribia. Nilipandwa na hasira, nikamwambia mama amenikosesha chuo kwa ajili ya adabu za mlangoni. Alikuwa anafungua kamba za mwani, hakuinua hata uso.

"Wataka usome," akasema, "au wataka usome peke yako?"

Nilinuna mpaka kesho yake. Yeye asubuhi ile alijitanda kanga, akawachukua wanawake wenzake wa kikundi cha mwani, wakaenda Tanga kwenye ofisi ya simu. Walikaa kwenye benchi, wakarudi, wakaenda tena, mpaka wakakubaliwa kununua waya wa ziada kwa mauzo ya mwani wao. Laini ikaingia ndani muhula ukiwa unaanza.

Na kweli ilichechemea. Nilikuwa nabandika maharage, yanaiva, somo bado linashuka. Lakini mwenye duka alipotaka laini, nguzo ilikuwa mlangoni kwake, akalipa kama mtu wa mjini. Akafuata mstaafu wa posta, wakafuata wengine. Sijasikia kijiji kingine cha pwani yetu kilichopata bei ya mjini kwa sababu ya kuamkiana, na hilo nalisema kifua mbele.

Matokeo yangu ya mwisho yalikuja asubuhi moja, yakishuka mstari kwa mstari. Mama alikaa kitandani, mtoto mapajani, anautazama uso wangu badala ya kioo cha kompyuta. Dirishani alisimama yule mzee mvuvi, na nyuma yake watu wengine waliochimba mashimo. Nilingoja aniulize kama nimefaulu.

"Haya," akasema, "tumefaulu?"

Nilisoma tena niwe na hakika. Machozi yalinitoka, wala sikuyafuta.

"Tumefaulu, babu."