Florentine na filme isiyo na acteur

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Mususa haujaonekana bado. Ukungu umekaa juu ya mabati ya Butembo kama mgeni aliyekula akashiba na hataki kuaga. Ndani ya chumba kimoja cha matofali, Florentine Kanyere anajifunika blanketi, yeye pamoja na ordinateri yake, kompyuta ya kazi, anasogeza mikrofoni kwenye mdomo na kuanza kusema polepole.

"Mi nalala. Nalota nyumba. Iko na mulango ya bleu. Sijaingiaka mule hata siku moja..."

Blanketi linapanda na kushuka. Kwa anayesimama mlangoni, ni kama kilima kidogo kinachopumua.

Lile blanketi ndiyo studio. Ni la harusi, zito, linazuia kelele za jogoo na za majirani. Bwana yake Luc, seremala, anajikunja kitandani na shuka moja. "Baridi inaniua," anasema, "mais ye anasema mi sipendi sanaa."

Lazima afanye haraka. Mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikianza kuunguruma, hata mwenye kuuawa kwenye filme hasikiki.

Florentine ana miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Kazi yake ni kutafsiri filme za nje. Anaweka sauti yake juu ya zile za wazungu, halafu madiski na kadi za telefone zinakwenda kwenye nyumba za watu, ambako familia inakaa mbele ya televizyo mchana, betri ya jua ikiwa imeshiba. Mwezi mzuri unamletea kama dola sabini.

Alianza akiuza mayai ya kuchemsha kwenye mlango wa sinema. Siku moja mtafsiri wa mle ndani alishikwa na grippe, mafua makali, sauti ikaisha. "Batu banapiga kelele, banataka kurudishiwa franka zao," anakumbuka. "Nikaweka mayai chini, nikasema: leteni ile micro."

Kazi hii ina sheria yake. Filme ikianza tu, mtafsiri anatambulisha watu: huyu njo acteur, mtu mzuri, musiogope, atafika mpaka mwisho, yule pale njo chef bandi, mkubwa wa wabaya. Hivyo mama anaweza kwenda jikoni kugeuza ndizi, na akirudi anajua ni nani wa kumuombea.

Miaka yote sheria ile haikumtupa Florentine. Halafu ikaja filme ya fundi wa saa.

Aliletewa na Kitsa, muuzaji wa madiski kule Beni. Ndani yake kuna fundi mpole ambaye usingizi wake ni mbaya. Mjini kuna mtu anayeingia kwenye nyumba na kuua. Fundi anasaidia polisi kumtafuta, lakini kila akilala, analota nyumba ambazo hajafika.

Florentine alifanya kama kawaida. Watafsiri wengi hawatazami filme mpaka mwisho kwanza; wanatafsiri wakitembea nayo. Kwa hiyo dakika ya kwanza akatangaza: "Huyu fundi njo acteur! Mumuangalie muzuri, ye njo atakamata muuaji."

Mwishoni, fundi akagundua kwamba nyumba za kwenye ndoto zilikuwa za kweli. Muuaji alikuwa yeye.

"Nilibaki kinywa wazi," Florentine anasema. "Micro ilishika pumzi yangu tu."

Kitsa alikuwa anangoja, basi diski ikaenda vile vile. Haikupita wiki, Kitsa akapiga telefone.

"Allo, Mama Florentine, umeniua!"

"Mi? Si muuaji ni ule wa saa."

"Usinichekeshe. Batu beko hapa kwa mulango, banarudisha madiski. Banasema umechanganya filme mbili. Banataka mwisho ya kweli."

"Ile njo mwisho ya kweli."

"Acteur hawezi kuwa chef bandi! Donc mulinzi ya nyumba njo mwizi yake?"

"Kwako haijafikaka?"

Kitsa akageuza mazungumzo. Inaonekana kwake ilifikaka. Lakini neno lake la mwisho halikuwa la kucheka: Florentine arudie kuitafsiri ile filme. Ikikataliwa tena, Beni itapewa mtafsiri mwingine, mwanaume, kwa sababu wengi wanasema filme ya uuaji inaomba sauti nzito. Na bila Beni, hana kazi. Vijana wa Butembo siku hizi wanajivutia filme wenyewe kutoka internet, kwenye telefone.

Florentine akapanda gari mpaka Beni kumtafuta mnunuzi aliyekasirika kupita wote. Anaitwa Élodie, mke wa mwalimu Ilunga aliyetumwa kufundisha huku kutoka Kasaï. Élodie alimkaribisha vizuri, akampa chai, halafu akamwambia bila kuzunguka.

"Mama, ule mutu mi sikumuamini. Macho yake hata haikunipendeza. Niliamini weye. Huku Beni, na bauaji benye banaingiaka usiku, tunaangaliaka kila mutu mara mbili, unajua. Kwa filme njo tunapumuzikaka. Weye ulituambia tupumuzike."

Florentine akamaliza chai, akaaga. Wakati wa kurudi aliegemea kioo cha gari, vilima vinapita, mikaratusi inapita, mashamba ya kahawa, mama na kuni mgongoni, na yote ilikuwa kama inapita ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Alipofika Mususa alikuwa ameamua: hatatambulisha mtu. Atasema filme yote kwa kinywa cha fundi, kama mtu anayesimulia ndoto na hajui inakwenda wapi.

Luc aliogopa. "Na batu batajua namna gani nani ni muzuri?"

"Kama vile banajuaka mutu njiani. Bataangalia." Na asubuhi ile ya ukungu akajifunika blanketi, akaanza.

Jumamosi mchana, Beni. Mvua inapiga mabati ya nyumba ya Élodie kwa upole. Majirani wamejaa saluni, chumba cha wageni. Kitsa amekaa karibu na mlango, kofia ya pikipiki kwenye magoti, tayari kuondoka. Florentine amejibana kwenye kona, anasikiliza sauti yake mwenyewe kwenye televizyo.

"Acteur ni nani?" jirani mmoja anauliza mara moja.

Televizyo haijibu. Florentine wa kwenye kona anaangalia mvua.

"Muuaji ni muganga ule," mwalimu Ilunga anasema katikati ya filme.

"Nyamaza, weye unashuku kila muganga," Élodie anamkatiza.

Halafu filme inawashika wote. Sauti ya Florentine inatembea kwenye ngazi, inagusa ukuta, inahesabu madirisha, na watu wanatembea nyuma yake. Fundi anafika kwenye mlango wa bleu. Anatoa ufunguo kwenye mfuko wake mwenyewe. Unaingia.

"Kumbe ni hapa," inasema ile sauti. "Kumbe nilikuwaka hapa."

Hakuna anayeomba mwisho mwingine. Ilunga anavua miwani, anaifuta na shati.

"Na mi nilikuwa namupenda," anasema.

"Mi nilimujua tangu mwanzo," Élodie anajibu.

"Uongo!"

"Nilimujua! Nilimuhurumia tu."

Wote wanamgeukia Kitsa. Anaangalia kofia yake, anaiweka chini, anasogeza kiti mbele.

"Rudisheni mwanzo," anasema. "Nataka kuona ni wapi ule fundi alituambia."

Saluni inacheka, filme inaanza upya, na Florentine anapumua kama mtu aliyetoka chini ya maji. Ilunga anamshika mkono kwa kumpongeza. "Wasingya kutsibu, Mama," anasema, asante sana kwa Kinande cha huku, na lafudhi yake ya Kasaï.

Sasa Florentine analota makubwa zaidi. Anataka kutengeneza filme yake mwenyewe, Butembo, na watu wa Butembo: wauza mafuta, mafundi, mama wa soko. Hadithi anayo tayari kichwani, pamoja na yule atakayekuwa acteur.

"Nani?" Élodie anainama kuuliza.

"Hapana, sisemi," Florentine anasema, macho kwenye televizyo. "Utaangalia."