Ukimya wa Mshika Kamba

Kwenye duara letu, shimo la dhahabu kule Sekenke, mshika kamba alikuwa haongeleshwi. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza niliyopewa, kabla hata sijaonyeshwa pa kulala. Nilikuwa nimetoka Iguguno kupakia alizeti kwenye malori, na kabla ya hapo nilikuwa nimeacha shule na kufanya kila kazi isiyouliza cheti. Dhahabu sikuwa na haja nayo sana. Nilitaka kujua watu wanaishije ndani ya jiwe.

Duara lilikuwa shimo jembamba, limeshuka wima kwenye mwamba. Chini tulichimba wawili, mimi na mzee mmoja Mnyiramba aliyeijua kazi hiyo tangu ilipokuwa ya kujificha, kabla serikali haijaanza kuwapa wachimbaji wadogo vibali. Juu alibaki mpwa wake, kijana wa rika langu, kwenye winchi ya mkono. Huyo ndiye aliyepandisha viroba vya mawe, na ndiye aliyetushusha na kututoa. Ngazi hatukuwa nayo. Tukitaka kutoka tulitikisa kamba mfululizo, naye akazungusha.

Kutwa nzima alikaa peke yake. Mama lishe aliweka sahani yake ya ugali chini na kuondoka bila neno. Watoto wa pale, ambao kumpita mkubwa bila shikamoo kungewatia matatani, walimpita yeye kama kisiki. Nami asubuhi nilijifunga kamba mbele yake, akakagua fundo kwa vidole, na sote wawili tukanyamaza.

Kisha makampuni ya simu, yaliyokuwa yakigombania wateja kila kona ya nchi, yalisimamisha mnara ng'ambo ya bonde. Vifurushi vikawa rahisi kuliko soda. Mdomoni mwa duara mtandao haukufika, lakini juu ya jiwe kubwa lililokuwa karibu ulishika. Tuliokuwa chini hatukujua kwamba kijana alikuwa amefunga kopo lenye kokoto kwenye kamba. Akiwa juu ya lile jiwe na simu yake, tukitikisa, kopo linalia, anarudi mbio kwenye winchi. Ilifanya kazi miezi mingi. Viroba havikuwahi kuchelewa.

Siku ile maji yalianza kuingia kwa sauti ndogo, kama mtu anayemimina chai chumba cha pili. Mzee alisimamisha patasi yake hewani, akasikiliza.

"Mvua," alisema. "Tikisa."

Nilitikisa. Kamba ilining'inia tu.

"Tikisa tena."

"Nimetikisa, mzee."

"Unatikisa kama unabisha hodi kwa wakwe. Tikisa kama mtu anayetaka kuishi."

Maji yalifika vifundoni, ya baridi, ya rangi ya matofali. Tope likaanza kudondoka kutoka juu, kisha mawe madogo. Nilijaribu kupanda kwa kutanua miguu kwenye kuta, nikateleza nikamwangukia mzee begani. Hakunilaumu. Alishika kamba mwenyewe akaivuta kwa mikono yote miwili, huku akimwita mpwa wake kwa Kinyiramba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Maji yalipofika magotini aliacha kuita. Akavua tochi ya kichwani, akaishika mkononi juu ya kichwa, akaniambia nifanye hivyo hivyo. Hapo ndipo hofu iliponiingia kweli, kwa sababu alikuwa anapanga kwa ajili ya maji ya shingoni.

Kamba ikakazwa kutoka juu. Mzee alinifunga mimi kwanza, kwa nguvu, sikupewa nafasi ya kubisha.

Nilipotoka juu, kijana alikuwa amelowa mpaka mifupani. Mjomba wake alikuwa bado chini. Nikashika mpini wa winchi pamoja naye, tukazungusha. Mzee alipotoka alikaa kwenye tope, akapumua kwa muda mrefu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye jiwe, mjomba. Kwenye gemu. Mvua ilipiga kelele, sikusikia kopo."

"Ukarudi kwa sababu gani?"

Angeweza kusema uongo wowote. "Radi ilikata mtandao," alijibu.

Mwenye duara alitaka kumfukuza jioni ile ile. Mzee alisema yeye ndiye aliyekuwa majini, kwa hiyo yeye ndiye atakayeamua, na ataamua Jumatatu. Jumapili nikamfuata kijana juu ya jiwe. Nilikuwa na hasira bado, lakini udadisi wangu haujawahi kungoja hasira iishe.

"Nionyeshe hicho kilichotaka kutuua."

Alifikiri namtania. Kisha akanipa simu. Nilitegemea maajabu. Niliona kijimji cha kuchora, kina ukuta, na kikosi cha watu waliokilinda pamoja kwa saa walizopangiana. Wengine walikuwa Mbeya, wengine Mwanza, mmoja Mombasa. Siku ile ya mvua ilikuwa zamu yake ukutani. Lakini alipoingia, kitu cha kwanza kutokea hakikuwa vita. Yalikuwa maneno, yakishuka moja baada ya jingine. Kiongozi, umeamkaje? Umekula? Jana ulipotea, tulihofia.

"Wanajua unafanya kazi gani?"

"Wanajua nashika kamba. Wananiuliza imeendaje leo." Alifuta kioo kwa shati. "Huku nani aliwahi kuniuliza?"

Nilikuwa nimekabidhi uhai wangu kwake kila asubuhi, na sikuwahi kujua kama alilala vizuri.

Jumatatu nilimweleza mzee. Nikasema labda amri ndiyo mbaya, watu wamsalimie. Mzee alitikisa kichwa.

"Kabla ya huyu alikuwepo mwingine. Alikuwa anapiga soga na muuza maji, kamba ikatikiswa hakuona. Mdogo wangu hakutoka. Unataka nianze tena soga?"

Kijana alisikia yote. Alisimama, akafungua kopo kwenye kamba, akaliweka pembeni.

"Mjomba, hapa juu sijiamini. Nikikaa kimya, miguu inakwenda yenyewe kwenye jiwe. Nishushe mimi. Huyu mguu na njia wa Iguguno abaki juu, ashike kamba."

"Chini unaogopa. Tangu mtoto unaogopa."

"Naogopa."

Mzee alimtazama, kisha akamfunga kamba kiunoni. Nilizungusha winchi taratibu. Nilimwona akitoweka, macho yamefumbwa, kisha nikamshusha mzee.

Niliketi. Mama lishe akaja, akaweka sahani, akaondoka. Mchana ulikuwa haujafika na tayari nilikuwa nikiongea na mpini. Toka chini zilipanda sauti zao, mzee akimwelekeza mahali pa kupiga, kijana akiuliza, mzee akicheka kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nikiwa naye. Sikuweza kusikia walichokuwa wakicheka. Niliinama ukingoni nisikie, nikakumbuka mkono wangu, nikaurudisha kwenye kamba.