Siku Nilimutaja Kavugho wa Kipese mu Groupe ya Bitabu

Kama unapita Kimemi, hapa Butembo, na unaona mukaka mumoja, mwanamuke muzee mwenye bajukuu, amejifunika kitenge mupaka puani, na jua inawaka, usifikiri meno inamuuma. Ni mimi Masika, na ile ninaficha ni haya. Ninyi ni batu wangu, nitawaeleza yote, mais lakini mukicheka muchekee ndani ya tumbo.

Masomo yangu iliishia mwaka wa pili wa primaire (baba alisema binti anayejua kuhesabu mbuzi amesoma ya kutosha), donc kitabu ninasoma kwa kidole, na nikifika mwisho wa mustari nimekwisha kusahau mwanzo. Lakini majina ya batu, hiyo Mungu alinipa bila kipimo: mutu nikimusikia mara moja, yeye, baba yake na kijiji yake, haitoki tena mu kichwa. Bitabu, mujukuu wangu Grâce njo ananisomeaka, mimi nachambua maharagi, yeye anasoma kwa sauti, na kitabu ikikwisha tunabishana. Siku moja akaniambia, "Mukaka, hizi maneno yako ni hasara kubaki jikoni," akaniingiza mu groupe yao ya WhatsApp, batu wa Butembo na Beni bapendao bitabu, penye kila mutu anasema nimesoma hii, ni tamu, uitafute, ao nimesoma ile, usipoteze macho yako. Mimi sijue kuandika mu telefone, natumaka vocal, sauti tu, na bakaanza kunipenda, kitabu mupya ikifika bakasema, "Tungojee kwanza Mukaka." Kichwa ikavimba, siwafiche.

Mu groupe ile njo Grâce alikutana na Moïse wa Beni. Moïse alisifu kitabu fulani, Grâce akajibu kwamba iko baridi kama bugali ya jana, bakagombana mbele ya batu wote, kisha bakaanza kutumiana bitabu kwa gari, na bitabu bya kijana na binti haiendaka na kurudi bure. Babaume wa pande mbili balikwisha kuonana. Ilibaki mama ya Moïse aje samedi, ile jumamosi, kumuona binti, yeye mwenye kusema ndiyo ao hapana, juu Moïse ni mutoto wake wa mwisho na baba yao alikufa. Sisi tulimujua kwa jina moja tu, Mama Josué, mwenye kuuza muchele kule Beni, juu kwetu mwanamuke akizaa, jina yake inalala na ya mutoto wa kwanza inaamuka.

Sasa, juma ile ile groupe ilikuwa inasoma roman moja, kitabu ya hadithi: bibi-arusi, siku ya karamu, sufuria iko motoni, anatoka kwa mulango wa nyuma na harudi tena, na mwandishi mupaka mwisho hasemi ni juu ya nini alikimbia. Kitabu ile iliniliza mbele ya maharagi. Lundi, jumatatu asubuhi, Maître Kakule, mwalimu wa secondaire, mutu wa kuandika marefu, akaandika (Grâce alinisomea): "Roman hii ni dhaifu. Binti wa kwetu hawezi kufanya vile. Mwandishi anatudanganya." Na batu bakaanza kukubali, mumoja, wa pili, bakaweka vidole gumba. Kitabu imeniliza, na mutu anasema nililia juu ya uongo?

Grâce akanipa telefone. "Mukaka, sema tu kwamba ilikupendeza. Usiende mbali."

Ningalimusikia! Mais nilitaka kushinda Maître, njo kosa ndogo yenye ilizaa zingine zote. Nikafinya kifungo ya sauti, nikasema:

"Maître, wasingya, asante kwa maandiko yako, lakini ile kitabu ni ya kweli. Mimi namujua binti aliyefanya vile. Anaitwa Kavugho, binti wa Mbusa wa Kipese, ule Mbusa wa kuchonga mipini ya majembe, mwenye kuchechemea muguu wa kushoto. Bwana-arusi alikuwa kaka yangu Kambale, Mungu amupumzishe. Mbuzi za mahari zilikwisha kufika, bageni bamekaa, Kavugho akachukua ndoo kama anaenda kisimani, akapanda lori ya mboga, mupaka leo! Na mukiuliza juu ya nini, nawaambia bure: tamaa ya mujini. Alitaka viatu."

Na nikacheka. Hiyo kicheko njo inaniua mupaka leo, kicheko refu, ya kuku akitaga.

Grâce akachukua telefone. "Mukaka, umetaja na baba yake?"

"Sasa nitasema namna gani, mutu bila baba?"

Groupe ikawaka moto. Batu bakacheka, bakapiga makofi, Maître mwenyewe akaandika, "Mbele ya ushuhuda, ninainama," na batu bakaanza kuchukua sauti yangu na kuipeleka mu groupe zingine, za soko, za kwaya, za batu wa Kalunguta. Nilikula vizuri siku ile. Mutu mumoja tu hakusema kitu. Moïse. Yeye mwenye kujibu Mukaka kila mara mbele ya wote, alisikiliza (Grâce alinionyesha alama yake mu telefone) na hakujibu. Mardi vilevile. Mercredi Grâce akamupigia, hakupokea, na mutoto akaanza kuzunguka nyumba kama mutu mwenye kutafuta ufunguo.

Jeudi Moïse akapiga yeye mwenyewe. Grâce alisikiliza mupaka mwisho, kisha akaketi chini, kwa simenti, na kitambaa yake safi.

"Mukaka," akasema, "mama ya Moïse, jina yake ya kuzaliwa ni Kavugho. Baba yake alikuwa Mbusa. Wa Kipese."

Niliuliza swali ya bujinga, njo ile mudomo ilipata: "Mwenye kuchechemea?"

"Mwenye kuchechemea."

Moïse alikuwa amesikia lundi na akaficha, alitaka ile jambo ipite kimya, lakini sauti yangu ilifika mu groupe ya bamama wa soko ya Beni, na bamama bale bakamusikilizisha mama yake mwenyewe, kati ya mifuko yake ya muchele. Bana yake balikuwa hawajui lolote. Nikasema, futa, futa mbio! Grâce akasema unafuta nini, Mukaka, mbegu ilikwisha kumwagika barabarani. Kisha akasoma neno ya mwisho ya Moïse: "Mama anasema samedi tunakuja. Anasema mutu asifute kitu."

Mutoto wangu Paluku, baba ya Grâce, alirudi jioni, akaambiwa, akanitazama sana. "Mama, ulimi yako iko na miguu mingi kupita bodaboda." Hakucheka. Grâce naye hakunigombeza, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi: alichukua ile roman, akaifunga mu sachet, mufuko ya plastiki, ya kurudisha kwa mwenyewe, na hakunisomea tena ata ukurasa. Nilichambua maharagi peke yangu, nikaacha mawe mingi ndani. Ndani ya roho nilikuwa na maombi mawili yenye kupigana: barabara ya Beni iwe salama, na iwe imefungwa.

Barabara ilikuwa salama. Samedi bakafika, Moïse, baba mudogo wake, Josué kaka yake mukubwa, na mama moja mwembamba, mwenye kitenge ya bei, anatembea polepole. Nilimujua kabla hajafika mulangoni. Ile shingo! Nikapiga magoti nusu, nikasema karibu, akanipa mukono, baridi. Bakaketi. Soda ikaletwa, hakuna mwenye kufungua.

"Kabla ya maneno ya binti," Mama Josué akasema, "Moïse, weka ile sauti."

"Mama..."

"Weka. Mu soko nilisikia nusu, batu balikuwa banacheka."

Akaweka telefone juu ya meza, na sauti yangu ikatoka, kubwa, mbele ya bakwe, mbele ya Paluku, ikapita kwa Mbusa, kwa muguu, kwa ndoo, kwa lori, kwa viatu, na kicheko ile ya kuku ikajaza nyumba yote. Grâce alikuwa anatazama magoti yake. Mimi nilitamani paa ishuke.

"Masika," akaniita, bila Mama, bila kitu, kama zamani. "Jina yangu, umesema kweli. Ya baba, kweli. Lori, kweli. Unakumbuka batu wote. Ile 'juu ya nini' ulitoa wapi?"

"Tulisemaka tu vile nyumbani," nikajibu.

"Ulinikuta nyuma ya nyumba ya baba yangu, asubuhi ya arusi. Ulikuwa musichana, mwenye mudomo mutamu, ukaketi karibu na mimi, tukamenya viazi. Nikakuuliza, kwenu muko wangapi? Ukaanza kutaja. Baba-mukwe Kasereka, hali bugali ya asubuhi ikifika jioni. Shangazi Kanyere, hana meno, unamupondea. Baba bakubwa Muhindo na Katembo na babibi yao. Ule wa Kalunguta mwenye vidonda, bibi-arusi njo anamuosha. Ulitaja, ulitaja, viazi ikakwisha, majina haikwishi. Nikatazama mikono yangu, miwili tu. Kambale sikuwa na neno naye, alikuwa mutu muzuri. Nilichukua ndoo, nikapanda lori. Viatu! Nilifika Butembo miguu wazi."

Nami, kwa haya yote, majina ile yalikuwa yanapita mbele yangu, sawasawa kabisa, mumoja nyuma ya mwingine, na ni kweli nilimutajia, na nilifikiri namukaribisha.

Nikashuka kwenye kiti, nikapiga magoti yote mawili. "Mama Josué, nisamehe. Mimi njo nilikufukuza, kisha nikakucheka. Hasira yako iweke juu yangu, usimuwekee mutoto."

Mama Josué aligeukia Grâce, na Paluku akashika ukingo ya meza.

"Binti, karibia. Wewe pia utauliza kwetu tuko wangapi, sivyo? Nitakutajia sasa batu utapikia, usikilize vizuri, usije ukapanda lori." Akainua kidole moja. "Moïse."

Tukangojea kidole ya pili.

"Imekwisha," akasema. "Na siku zingine yeye njo atapika, nilimufundisha."

Baba mudogo njo alianza kucheka, kisha Josué, kisha Grâce akalia, na Moïse akafungua soda kwa meno juu hakuna mwenye kukumbuka kifungulio. Mimi nilibaki magoti chini, juu hakuna aliyeniambia nisimame, mupaka Mama Josué akaninyooshea telefone.

"Wewe haujamaliza. Batu wale balisikia uongo kwa sauti yako, basikie na kweli kwa sauti yako. Hapa. Mbele yangu."

Nikafinya, nikaeleza yote, viazi na majina na ndoo, na safari hii jina nilitaja sana ilikuwa Masika. Maître Kakule akaandika mufupi mara ya kwanza mu maisha yake: "Sasa ninasoma upya ile kitabu." Na Mama Josué, kabla ya kwenda, aliomba roman ile mu sachet, akaibeba Beni, kuona kama bibi-arusi wa mule alikimbia vizuri.

Harusi itafanyika. Mu groupe mimi niko bado, batu bananiuliza kitabu, ninasema ni tamu ao ni baridi, na juu ya nini. Lakini niliapa: ya kitabu nitaiacha ndani ya kitabu. Na mutu akiuliza, "Mukaka, jambo kama hii uliiona wapi?" ninajibu kwamba niliiona, iko mutu, mais jina nimeisahau.

Sijaisahau. Na ya baba yake pia.