Maziwa ya Babu na Neno la Mama

Nilipokuwa mtoto kule Bujonde, hakuna aliyesema kwamba surua imepona. Walisema imetoka. Upele ukishajaa mwili mzima, ukakauka na kuambuka, bibi alipitisha kiganja mgongoni mwa mtoto, akatangaza kwamba imetoka yote, na nyumba nzima ikashusha pumzi. Iliyoogopwa ni ile isiyotoka. Hiyo, walisema, hurudi ndani na kukaa tumboni.

Yangu ilitoka. Bibi alinikagua mwenyewe, nikaruhusiwa kukaa uani penye jua, kando ya mikeka ya kakao. Nilikuwa na miaka minane, nimebaki macho na mifupa, ila homa ilikuwa imekwenda na watu walishaanza kunitania. Siku chache baadaye likaanza tumbo. Nilichokula hakikukaa. Lilinisokota mpaka nikajikunja, likavimba, likaunguruma, halafu mbio chooni, na nikirudi sina nguvu hata ya kufukuza kuku. Usiku mama alilala ameniwekea mkono tumboni. Asubuhi alinigeuza uso kwenye mwanga aone kama macho yameingia zaidi, na sikupenda alivyonitazama.

Babu, baba yake baba, alinipenda kuliko wajukuu wote, au mimi niliamini hivyo. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na tangu niugue aliacha kunywa maziwa yake ili ninywe mimi. Kila asubuhi aliyaleta katika kopo lenye mfuniko. Akifika migombani alikohoa, mama apate muda wa kujificha, kwa maana kwetu mke wa mwana hakutani macho na baba mkwe, hazungumzi naye, wala halitaji jina lake. Nyumba nyingi zilikuwa zimeanza kulegeza desturi hiyo. Ya kwetu haikulegeza kitu. Babu aliweka kopo kizingitini na kuondoka, mama akatoka kulichukua, nami nikanywa, kwa kuwa maziwa yalikuwa matamu na yalikuwa ya babu.

Aliyegundua ni mama. Mvua ilinyesha ile ya kwetu isiyojua kuaga, njia ikajaa maji, babu akashindwa kuja kwa siku mbili tatu. Tumbo likatulia. Maji yalipopungua kopo likarudi, na tumbo nalo likarudi. Mama akamwambia baba. Baba alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Hilo neno likitoka, mama Bupe, halitaeleweka hivyo. Watasema umemwita baba mchawi."

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mtoto aliyekwisha kupona akianza tena kuisha, watu hutafuta mkono wa mtu. Ukisema kwamba anachokileta mzee fulani ndicho kinachomuumiza, umeshamnyooshea kidole. Mama angerudishwa kwao Talatala, na babu angetembea na jina hilo hadi kaburini. Wala mama asingeweza kuyamwaga maziwa kwa siri, kwa kuwa bibi alikuja kila asubuhi kukaa nami mpaka nimalize. Maziwa ya nyumbani ndiyo yaliyowalea wanawe wote, alisema, na huyu naye yatamlea. Basi mama akalimeza neno lake, nami nikaendelea kunywa na kukonda.

Bibi ndiye aliyeamua. Surua imetoka, alisema, kilichobaki ni neno. Wazee wetu waliamini kwamba mtu wa ukoo akiwa na kinyongo asichokisema, pumzi yake humshika mtoto, na mtoto hushikwa tumboni. Dawa yake ni watu kukaa pamoja na kila mmoja kulitoa lililo ndani. Ikapangwa Jumapili, baada ya ibada. Sisi ni Wakristo wazuri, kwa hiyo tulingoja kwanza mchungaji apite na baiskeli yake.

Walikaa uani, bibi ameweka bakuli la maji katikati. Mtu alisema neno lake, akachota maji, akayatia kinywani na kuyapulizia chini, akarudi kukaa. Baba mdogo alisema juu ya mpaka wa shamba la mpunga. Shangazi alisema yale aliyoyasema kila Krismasi. Mimi nilikuwa jikoni, nimelazwa mkekani, na mama yuko nami, maana babu alikuwa uani. Ukuta wa jiko ulikuwa wa mianzi. Kwenye nyufa zake niliona miguu ya babu tu.

"Wote wamesema," bibi akaita. "Jikoni je?"

Lilikuwa swali la heshima tu. Mke wa mwana hutegemewa kujibu kwamba hana neno, watu wakaenda kula. Mkono wa mama ulikuwa juu ya tumbo langu. Niliogopa sana, na sikujua ninaogopa nini.

"Ninalo," mama akasema.

Mama alijifunika kanga kichwani, ingawa ukuta ulikuwapo.

"Mama, mwambie mwenye ng'ombe namshukuru. Anajinyima kwa ajili ya mwanangu, nami nimeona. Sina kinyongo naye. Lakini surua imelichosha tumbo la mtoto, haliyawezi maziwa. Nimeona, nikaogopa kusema. Mtoto anaisha huku mimi naogopa."

Kwa kuwa mama hakuruhusiwa kusema na babu, bibi ilimbidi ayarudie yote, sentensi kwa sentensi, kwa mtu aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka kwenye ukuta na masikio yake yote mawili mazima. Leo nacheka nikikumbuka. Siku ile sikucheka, maana bibi alipofika kwenye maziwa sauti yake ilipungua, na shangazi akavuta pumzi kama mtu aliyeona nyoka.

Miguu ya babu ikasimama. Ikaenda kwenye bakuli. Nikasikia maji yakipulizwa.

"Mwambieni mama Bupe," babu akasema, "ng'ombe hana neno. Na mwenye ng'ombe hana neno. Mtoto apelekwe zahanati."

Mama akainamisha kichwa juu yangu, akalia bila sauti mpaka kanga ikalowa.

Kesho yake baba alinipakia kwenye baiskeli. Zahanati walisema ndivyo surua inavyofanya: inaondoka, tumbo linabaki na majeraha yake. Maziwa yasimame kwanza, nipewe maji ya chumvi na sukari, uji mwepesi wa mchele, ndizi zilizopondwa, kidogo kidogo. Ilichukua muda, lakini mwili ulirudi. Bibi aliwaambia watu wote kwamba neno limetoka, na juu ya maziwa hakumwambia mtu. Babu aliendelea kukohoa migombani kila asubuhi, ila kizingitini akaweka ndizi mbivu.

Sasa ninaishi Kyela mjini, na mwanangu mdogo ametoka kuugua. Daktari alisema ni virusi, vikapita, tukashukuru. Tumbo lake halikushukuru. Mama mkwe wangu, aliyesafiri kutoka Singida kuja kutusaidia, anamchemshia maziwa kila asubuhi na kumbembeleza mpaka amalize. Ni mama mwema. Tunakula meza moja, tunataniana, hakuna desturi inayonifunga mdomo mbele yake. Hata hivyo nilikuwa nimekaa siku kadhaa nikimtazama mtoto anavyojikunja, bila kusema.

Nikampigia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimemwambia mkwe wangu. Nikasema bado, naogopa ataona nayakataa mapenzi yake.

"Mimi nilikuwa na ukuta katikati, Bupe," akasema. "Wewe una nini?"

Sijui kama pumzi ya mtu inaweza kulishika tumbo la mtoto. Nimesoma vya kutosha kukataa, na nimezaliwa karibu mno na bakuli lile kuweza kucheka. Ninachojua ni kwamba bibi alitafuta mwenye hasira, akampata mwenye hofu, na hofu ile nayo ilikuwa inaniua.

Niliweka simu mezani, nikaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya jiko, anayakoroga maziwa yasifurike.

"Mama," nikamwambia, "nina neno."